Kushusha Honda Fit: springi au koilova?

Mkuu, umesema una Honda Fit GE6, unataka ishuke kama sentimita 4, unaiendesha kwenda kazini Posta kila siku na wikiendi unabeba familia, na umekwama kati ya springi fupi na koilova, yaani seti ya shokapu na springi yenye hesi na pete za kuzungusha ili kupandisha au kushusha gari. Nilikuwa na Fit ya kizazi hichohicho nikikaa Goba, Dar es Salaam, nikaanza na koilova, nikaishia kwenye springi.

Kwa matumizi yako chukua springi, ishuke sentimita 2.5 hadi 3 basi, na pesa itakayobaki nunua shokapu mpya nne. Ukiwa na pesa ya kitu kimoja tu, anza na shokapu.

Watu wengi tukinunua tunaangalia gari itashuka kiasi gani, hatuangalii shokapu itabakiwa na nafasi gani ya kuingia ndani kabla haijagota. Fundi akishusha gari kwa springi peke yake, shokapu ya kiwandani inabaki na urefu uleule, ila sasa muda wote imeshaingia ndani kwa zile sentimita ulizoshusha. Ukikuta tuta, inagonga mpira wa kugotea mapema. Kile kishindo unachosikia kwenye gari nyingi zilizoshushwa, ambacho watu wanadhani ni ugumu wa springi, mara nyingi ni huo mpira unapigwa. Springi fupi nzuri hutengenezwa ngumu kidogo kuliko za kiwandani ili kuzuia hilo, lakini springi ngumu inarudi kwa nguvu zaidi, na shokapu iliyochoka haiwezi kuishika. Gari inaanza kurukaruka kwenye rasta (yale matuta madogo yaliyofuatana barabarani), tairi linaachia lami, na breki hapo huna.

Ukitaka kujua ya kwako ina nafasi gani, chukua ile kamba ya plastiki ya kufungia nyaya, inua mpira wa vumbi, uifunge kwenye fimbo ya shokapu, ibane kiasi, ikae juu kabisa ya mwili wa shokapu. Endesha njia yako ya kila siku, ukiwa na watu unaowabeba siku zote. Ukirudi utakuta imesukumwa juu na kubaki hapohapo, na umbali kutoka mwili wa shokapu hadi kwenye kamba ndio safari uliyotumia. Ya kwangu, nikiwa na koilova, ilikutwa imeganda kwenye mpira wa kugotea mbele kote kuliani na kushotoni, na siku hiyo nilikuwa peke yangu kwenye gari. Nilikaa chini pale gereji nikaiangalia, nikaelewa kwa nini mke wangu alikuwa anashika mgongo kila tukitoka kwa wazazi wake.

Koilova zile nilizinunua zimetumika, zimevuliwa kwenye gari Japani. Muuzaji aliniambia hazina tatizo. Mwezi wa tatu tangu nizifunge, shokapu moja ya nyuma ikaanza kutoa mafuta, na nilipotaka kupandisha gari juu kidogo, pete za mbele hazikuzunguka. Hesi zilikuwa zimejaa vumbi na kutu. Hewa yetu ya pwani ina chumvi, na koilova ni chuma chenye hesi kilichokaa wazi nyuma ya tairi. Nimeshuhudia fundi akipiga pete kwa tindo na nyundo mpaka ikapasuka. Kwa hiyo usilipie urekebishaji ambao baada ya mwaka hutaweza kuutumia. Ukiamua kuchukua koilova, zisafishe hesi kwa brashi na maji kila unapoosha gari, zipake kinga ya kutu, na pete uzizungushe mara kwa mara hata kama hubadilishi kimo.

Jambo la pili ambalo wauzaji hawasemi: koilova si za aina moja. Za bei ya chini, kwa mbele unashusha gari kwa kuteremsha pete ya springi, na kila unavyoteremsha unakula nafasi ileile ya shokapu niliyoisema juu. Zile za urefu kamili unazungusha kitako cha chini, shokapu nzima inafupika, safari yake inabaki. Tein wa Japani, kwa mfano, Street Basis Z yao ni ya aina ya kwanza, na Flex Z ni ya aina ya pili, tena ina hatua 16 za kurekebisha ugumu. Ukienda kwenye koilova nenda na za aina ya pili, mpya, za kampuni inayouza shokapu mojamoja ikiharibika. Chini ya hapo springi na shokapu mpya zinakupa gari bora zaidi.

Kuhusu kimo chenyewe, hapa nakuomba unisikilize. Japani ukaguzi wa gari unataka sehemu ya chini kabisa ibaki angalau sentimita 9 kutoka ardhini, na seti nyingi za kwao zinapangwa kwa kuangalia sheria hiyo. Sentimita 9 zinatosha kwenye lami yao, lakini si kwenye matuta yetu ya mitaani yaliyomwagwa zege bila kipimo. Tena Fit tangi la mafuta liko chini ya viti vya mbele, katikati ya gari, palepale tuta linapokwangua tumbo ukiwa umepakia watu. Mimi nilikwangua mara mbili nikiwa na watoto nyuma, na sitaki mtu mwingine asikie ule mlio. Tena ukishusha sana mbele, kontroli amu (mkono wa chuma unaoshika tairi kwa chini) inapita usawa na kuelekea juu upande wa tairi. Kitovu ambacho gari inayumbia kinashuka haraka kuliko bodi yenyewe, kwa hiyo gari inalala zaidi kwenye kona, ingawa imeshuka na inaonekana ya mashindano. Nyuma ya Fit ni boriti moja, springi na shokapu zimekaa mbalimbali, hivyo kule kazi ni rahisi.

Kukata springi kwa msumeno au kuzichoma moto usikubali hata ukifanyiwa bure. Iliyokatwa haikai tena kwenye kitako chake, tairi likining'inia inaweza kuchomoka.

Siku ya kufunga, kabla gari haijapanda jeki, pima kwa tepu kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa madigadi, kona zote nne, uandike. Usipime kutoka chini, upepo wa tairi utakudanganya. Nati ya juu ya shokapu isiguswe kabla springi haijabanwa na kibano, ile ni hatari ya kweli kwa fundi. Mwambie pia bolti za kontroli amu na za boriti ya nyuma azilegeze, kisha azikaze mwisho gari ikiwa imekanyaga chini kwa uzito wake. Zikikazwa inaning'inia, bushi (mipira ya kwenye maungio hayo) zinabaki zimejikunja muda wote na zitachanika mapema. Kwangu za nyuma zilichanika kwa sababu hiyo hiyo. Tembea nayo wiki mbili springi zikae, pima tena kona zote, ndipo uende alaimenti (kunyoosha tairi); ukienda siku ileile utalipa mara mbili.

Kagua shokapu zako za sasa kama zina mafuta nje, na uniandikie hapa zile namba nne za tepu pamoja na saizi ya rimu. Nikiziona nitakuambia springi ya kushuka kiasi gani inafaa.