"1x2" kwenye bahasha ya dawa mseto

SWALI: Mimi ni muuguzi wa zahanati ya kijiji hapa Tanzania, na siku nyingi ndiye ninayepima, ninayeandika na ninayetoa dawa. Nilimpa mama dawa mseto ya malaria (ALu, yaani artemether na lumefantrine) ya mtoto wake wa kilo 12. Pakiti za watoto zilikuwa zimekwisha, nikakata vidonge 6 kwenye pakiti ya wakubwa na kuandika "1x2" juu ya bahasha. Siku ya nne karudi: homa ipo, na vidonge 4 bado vimo. Anasema dawa haifanyi kazi. Nibadilishe? Na mimi nilikosea wapi?

JIBU: Usibadilishe, ndugu yangu. Mtoto amemeza vidonge 2 kati ya 6, kwa hiyo dawa bado hujaijaribu.

Kwanza tafuta dalili za hatari: degedege, kushindwa kunyonya au kunywa, kutapika kila kitu, kulegea au kupoteza fahamu. Ukiiona hata moja, ni rufaa papo hapo. Zisipokuwepo, usimpime tena kwa mRDT (kipimo cha haraka cha malaria) inayotafuta HRP2, protini ya vimelea vya malaria, maana huweza kubaki chanya kwa wiki kadhaa hata vimelea vikiwa vimeshakufa. Apimwe kwa darubini, hata kama ni kumtuma kituo cha afya. Vimelea vikionekana, anza ALu upya, dozi nzima. Visipoonekana, hesabu pumzi na angalia masikio. Homa ina vyanzo vingi.

Sasa bahasha. "1x2" ni lugha yetu sisi wa dirisha la dawa: kidonge kimoja, mara mbili kwa siku. Nadhani mama alisoma "kimoja, siku mbili", na ukihesabu vilivyobaki utaona alifuata alichosoma.

Hata angeisoma unavyotaka wewe, bado ingempoteza. Dozi ya pili ya ALu hutolewa saa 8 baada ya ya kwanza, ndipo zinazofuata ziwe asubuhi na jioni kwa siku mbili. Aliyemeza mbele yako saa nne asubuhi anameza tena saa kumi na mbili jioni. Aliyefika saa tisa alasiri, zamu yake ni saa tano usiku, wakati nyumba nzima imelala. Hilo mama asipoambiwa hatalijua. Mwandikie kwa maneno: "Kidonge 1 leo saa tano usiku. Kesho na keshokutwa: 1 asubuhi, 1 jioni." Asiyesoma mchoree jua na mwezi. Pakiti za watoto huja na picha za namna hiyo, ndiyo maana ukikata vidonge unakuwa umekata na maelezo.

Mwambie pia ampe pamoja na maziwa, ya mama yakiwemo, au uji wa karanga, kwa sababu lumefantrine hufyonzwa vizuri penye mafuta. Akitapika ndani ya nusu saa, arudiwe dozi hiyo, na mama aje uongeze kidonge.

Kisha usimuulize "umeelewa?" Kila mtu hujibu ndiyo, foleni iko nyuma yake. Muulize: "Ukifika nyumbani utampaje?" Nilipoanza kuuliza hivyo, mzee mmoja mwenye amoksisilini ya "1x3" aliniambia atameza kila akila. Kwake wanakula mara mbili kwa siku.