Wanne katika kumi si wengi

Msomaji wa Kadutu, hapa Bukavu, ameniandikia: “Mwalimu, mgombea akipata kura 38 katika 100 na kuwapita wenzake, niseme amepata wingi wa kura? Mwenzangu kazini anakataa, anataka niseme wingi rahisi.”

Mama, mwenzako ameruka majivu akakanyaga moto. Neno kura tulilipata kwa Waarabu, na awali lilihusu kubahatisha nani apate fungu lipi. Hilo halina ugomvi. Linaloniudhi miaka yote ni huo “wingi rahisi”, Kifaransa kilichovalishwa kitenge: majorité simple. Kwetu rahisi ni bei ya sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, jioni, wauzaji wanapotaka kurudi nyumbani. Kura haziuzwi hivyo.

Chukua mafundi kumi wanaojenga nyumba, wanachanga pesa za chakula. Wanne wanataka bugali, watatu wali, watatu ndizi. Mpishi akisema “wengi wanataka bugali”, sita watamgeukia na mwiko wake. Akisema “bugali umepata watu wengi kuliko wali au ndizi”, hakuna wa kumpinga. Kazi yote imefanywa na neno kuliko. Lifute, umesema uongo. Sasa mchele uishe sokoni, na wale watatu wahamie kwenye ndizi: bugali una wanne vilevile, lakini ndizi zina sita. Hao ndio wengi, bila kuliko. Vyakula vikiwa viwili, anayezidi amevuka nusu. Kinapoingia cha tatu, kuzidi na kuwa wengi huachana njia.

Nchi yetu ya Kongo imepitia yote mawili. Mwaka 2006 Katiba ilidai mshindi wa urais apate zaidi ya nusu. Joseph Kabila alipata asilimia 44.81, Jean-Pierre Bemba 20.03, Antoine Gizenga wa tatu 13.06, na hakuna aliyeapishwa. Gizenga akamuunga mkono Kabila, na duru ya pili ikampa 58.05. Huyo wa tatu, ambaye watu hupenda kumwita mharibu kura, ndiye aliyebembelezwa. Januari 2011 Katiba ikabadilishwa, duru ikabaki moja. Ndipo “wingi rahisi” ukaanza kunikera redioni. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2018, Tume ya Uchaguzi ilimtangaza Félix Tshisekedi mshindi kwa asilimia 38.57. Tuache ubishi juu ya hesabu zenyewe: hata kwa hesabu hiyo, zaidi ya sita katika kumi walichagua wengine. Sheria ilimruhusu mshindi kukaa kitini, lakini haikubadilisha maana ya wengi.

Wazee waliosema “wengi wape” hawakusema “wanaozidi wape”. Basi andika: “amewapita wenzake wote kwa kura.” Akivuka nusu, andika “amepata zaidi ya nusu ya kura.” Na ukimsikia mtangazaji akisoma “wingi rahisi” tena, mpigie simu kabla habari hazijaisha.