Mkanda umeandikwa 2500, mbona mzigo bado unatembea?

SWALI: Shikamoo mkuu. Nilikuwa kwenye lori la boksi, sasa nimepewa trela ya flatibedi (bodi wazi isiyo na kuta), mzigo wetu mwingi ni paleti za vigae, mara nyingi tani 10 hivi. Dereva niliyemkuta kazini anasema mzigo mzito haukimbii popote, uzito wake wenyewe unaushikilia, afu mikanda yetu imeandikwa LC 2500 (uwezo wa mkanda, kama kilo 2500) kwa hiyo nikipitisha minne juu ndo tani 10 hizo, imetosha. Juzi nimeshika breki ya ghafla paleti zikasogea mbele kama shibiri nzima na mikanda haijakatika hata mmoja. Kosa liko wapi? Na je naweza kuchomeka bomba kwenye mpini wa ratcheti, kile kifaa cha kukazia mkanda, ili ikaze zaidi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Mikanda haina kosa, na wewe umefunga kama ulivyoelekezwa, kilichokosewa ni ile hesabu.

Tuanze na hilo la mzigo mzito kujishikilia. Ni kweli uzito unaongeza msuguano kati ya paleti na bodi, ila ukishika breki uzito huohuo ndio unaosukuma mzigo kwenda mbele, vinaongezeka pamoja, kwa hiyo tani 10 zinateleza kirahisi sawasawa na tani 1 ikiwa bodi ni ileile. Mzito ukishaanza kutembea ndo balaa zaidi, hamna hedibodi ya kawaida (ule ukuta wa mbele wa trela) itakayousimamisha kwa upole.

Sasa chukua mkanda wako, tafuta ile lebo ya bluu, usiishie kwenye LC. LC ni nguvu ambayo mkanda unaweza kuvumilia ukivutwa moja kwa moja, na inakusaidia mfano umebeba mashine, ndoano iko kwenye pete ya mashine na upande wa pili uko kwenye bodi, mashine ikitaka kwenda inauvuta mkanda wenyewe. Ila ukiupitisha juu ya paleti mkanda haushiki kitu, kazi yake ni kukandamiza tu, na kinachozuia mzigo ni msuguano. Nguvu ya kukandamiza imeandikwa pembeni, STF, kwenye ratcheti nyingi za kawaida utakuta kama 300 daN, sema kilo 300. Hiyo ndo unayoipata ukikaza kwa mkono, sio 2500.

Twende na mzigo wako. Kanuni nyingi zinataka mzigo uhimili kusukumwa mbele kwa 0.8 ya uzito wake, na 0.5 pembeni na nyuma. Tani 10 maana yake tani 8 za kwenda mbele. Paleti ya mbao kwenye bodi yenye vumbi tuchukulie msuguano 0.3 (yaani unashika 0.3 ya uzito unaokandamiza bodi), kwa hiyo tani 3 zinashikwa na msuguano wa mzigo wenyewe, zimebaki 5. Kila mkanda unakandamiza kilo 300 upande huu na 300 ule, jumla 600, zidisha 0.3 unapata kilo 180 tu. Gawanya 5000 kwa 180. Mikanda 28! Na hapo nimeufanya mkanda ushuke wima kabisa na pande zote zikaze sawa, kitu ambacho hakitokei, upande usio na ratcheti huwa unalegea kidogo sababu mkanda unajisugua kwenye kona, ndo maana tunaweka kinga za kona na kupishanisha ratcheti, moja kushoto moja kulia. Mzigo ukiwa mfupi na mwembamba kuliko bodi ni mbaya zaidi, mkanda ukishuka kwa pembe ya nyuzi 30 kutoka kwenye bodi unabaki na nusu ya ukandamizaji.

Hamna mtu anafunga mikanda 28, kwa hiyo unabadilisha kitu kingine. Cha kwanza fagia bodi, serious kabisa, mchanga chini ya paleti unageuka gololi, na mafuta au maji nayo usiyaache. Cha pili weka mati za raba za kuzuia kuteleza chini ya kila paleti, zile zilizopimwa zinahesabiwa 0.6. Rudia hesabu uone: mzigo unajishikia tani 6, zimebaki 2, kila mkanda sasa unatoa kilo 360, umeshuka hadi mikanda 6. Cha tatu zuia mbele. Najua huwezi kusukuma vigae vyote mpaka hedibodi maana utazidisha ekseli za kichwa, basi jaza lile pengo kwa paleti tupu zilizobanana au mbao nzito, mzigo usiwe na nafasi ya kuanza safari.

Na ukishafunga usisahau, paleti zinakaa chini kadiri gari linavyotikisika na mikanda inalegea yenyewe. Marekani sheria inataka dereva akague ndani ya maili 50 za kwanza (kama km 80), afu kila maili 150 au saa 3, kinachotangulia. Hata kama uko mahali ambapo hakuna anayekuuliza fanya hivyohivyo.

Kuhusu bomba, hapana. Ile STF imepimwa kwa mkono wa kawaida wa kilo 50, ukiongeza bomba unapinda meno ya ratcheti na siku ikiachia mpini unakurudia usoni. Nunua ratcheti zenye mpini mrefu wa kuvutwa kuelekea chini, nyingi zina STF 500, ukiwa na mati kila mkanda unatoa kilo 600 na zile tani 2 zinahitaji mikanda 4, ongeza 2 juu yake maana hesabu zangu zote hapa hazina akiba ya usalama. Na huo mkanda wenye fundo ambao naamini uko kwenye boksi lako la zana, pamoja na wowote uliokatika ukingo au lebo haisomeki, utoe kwenye gari leo.