Watoto waingie ziwani au wasiingie?

SWALI: Dada habari za kazi. Mwezi ujao tunaenda wikiendi Mwanza, shemeji yangu katuachia nyumba yake ya mapumziko iko pembeni kabisa ya ziwa, tutakuwa sisi, watoto wanne na bibi yao. Watoto hawalali, stori ni kuogelea tu. Mama mkwe anasema ziwani kuna kichocho, mume wangu anasema yeye kakulia hapohapo na hajafa. Nimsikilize nani? (Mama wa wanne, Singida)

JIBU: Mdogo wangu, msikilize mama mkwe. Kichocho Ziwa Victoria kipo kweli, na kule kilichozoeleka ni kile cha tumbo, sio cha kukojoa damu ambacho wengi wetu ndo tunakijua, kwa hiyo mtu anakaa nacho miaka anadhani ni vidonda vya tumbo. Mjomba wangu nae alikuwa anasema amekulia ziwani, alikuja kutapika damu ini limeshaharibika. Mumeo akapime choo, tafadhali.

Ukifika pita kwenye matete, geuza jani lililo majini, utaona kikonokono bapa kama kifungo cha shati. Humo ndo vijidudu vinakulia, vikitoka vinapenya ngozi kwa dakika chache tu na mtoto hasikii kitu, na vinatoka kwa wingi mchana jua likiwaka, yaani muda uleule watoto wanataka maji. Kukimbilia taulo sio kinga ya kutegemea.

Halafu muulize shemeji maji ya bafuni yanatoka wapi, maana kama pampu inavuta ziwani moja kwa moja ni yaleyale. Yajazeni kwenye pipa lenye mfuniko yakae siku mbili bila kuongeza mengine ndo muogee, au chemsheni. Ya kunywa chemsheni tu.

Watoto wasinyimwe raha jamani, wapelekeni Saanane kwa boti, ni hifadhi ya taifa tangu 2013 na iko karibu na mjini, wakaone pimbi kwenye mawe, ila kila mmoja avae laifu jaketi, na bibi pia. Jioni wachomeeni sato.

Ikitokea mmoja kaingia majini usimchape, andika tarehe, kisha baada ya wiki 6 hadi 8 mpeleke hospitali apimwe. Prazikwanteli, ile dawa ya kichocho, inaua minyoo yake iliyokomaa, ukiwahi sana ile michanga inabaki, na dozi inaenda kwa uzito kwa hiyo usinunue tu duka la dawa ukagawa kwa macho.