Kabla hujafungua sanduku la vipimo: kwa mnaoanza kupima akili za watoto

Kila kundi jipya likija kliniki, makosa ni yaleyale. Mtoto anaketishwa, sanduku linafunguliwa, na baada ya saa mbili kuna IQ (alama ya uwezo wa akili) ya 62 ambayo hakuna anayeweza kueleza imetoka wapi. Wadogo zangu, kazi hii mnaipenda na inaonekana. Basi sikilizeni.

1. Masikio, macho, usingizi, chai ya asubuhi, dawa: haya kwanza. Anayemeza fenobabitoni, dawa ya kifafa, uliza amemeza saa ngapi. Dawa hiyo huwalegeza wengine, wengine huwafanya wasitulie kitini, nawe unaandika "umakini hafifu". Kuhusu malaria ya ubongo, muulize mama kuhusu degedege na kupoteza fahamu. Tafiti za Kampala zilikuta kwamba miaka miwili baada ya kupona, takriban mtoto 1 kati ya 4 bado ana shida ya kufikiri, kukumbuka au kuwa makini.

2. Kurudia namba: unamtajia mtoto mfuatano wa namba, naye anaurudisha. Hapa ndipo panaponiuma. Kinaonekana kipimo chepesi kuliko vyote, ndiyo maana kinaharibiwa kuliko vyote. Namba moja kwa sekunde moja, sauti bapa, ishuke kwenye namba ya mwisho tu. Usizitaje kwa mafungu kama namba ya simu, maana ukizifunga mafungu umemfanyia mtoto nusu ya kazi. Hayo mnayajua, ingawa mkichoka mnayasahau.

Mnalolipuuza ni lugha. Moja hadi tisa, kwa Kiswahili, kila namba ina silabi mbili. Kwa Kiingereza ni silabi moja moja, isipokuwa saba. Kumbukumbu ya muda mfupi huelemewa na urefu wa maneno, kwa hiyo mfuatano wa namba sita ni silabi kumi na mbili kwetu na sita au saba kwao. Ukizitaja kwa Kiswahili, kisha ukageuza alama ghafi (alizopata, kabla ya kulinganishwa na wenzake) kwa jedwali la watoto wa Marekani, umempunja mtoto kabla hajafungua mdomo. Wengine basi hukimbilia Kiingereza, na hapo mambo huharibika zaidi. Mtoto wa gredi ya pili Kaloleni, anayeongea Kigiriama nyumbani, bado anaitafsiri namba ya pili wakati ya nne inapita. Mtazame: midomo inacheza, macho yako darini, anarudisha ya kwanza na ya mwisho. Mkaandika "kumbukumbu dhaifu", na shule ikamrudisha darasa!

Muulize mzazi mtoto huhesabu kwa lugha gani akiwa mchezoni. Tumia hiyo, na uiandike kwenye ripoti. Pasipo viwango vya watoto wa hapa, eleza alichofanya: "alirudisha namba nne mbele, mbili kinyumenyume", ulinganishe na vipimo vyake vingine, na IQ usiitoe.

3. Mtoto akikatika katikati ya sentensi kwa sekunde 5 hadi 15, kisha akaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea, andika saa na dakika. Daktari akiwepo, mtoto apulize kipande cha karatasi kwa dakika 3. Kifafa cha kuzubaa mara nyingi hujitokeza hapo. Mwenye selimundu asipulizishwe kabisa: kupumua kwa kasi hubana mishipa ya ubongo na kunaweza kumletea kiharusi.

4. Ripoti ni ya mwalimu mwenye watoto 70 darasani. "Apewe msaada wa karibu" hakumsaidii mtu. Andika, kwa mfano: akae mstari wa mbele, sikio linalosikia vizuri lielekee kwa mwalimu, maelekezo moja moja, ayarudie kwa mdomo kabla ya kuanza, afanye hesabu 5 badala ya 10, kwa sababu anaelewa ila mkono ni mzito. Nakala iende EARC, kituo cha tathmini na rasilimali za elimu kwa watoto wenye mahitaji maalumu, kisha pigia shule simu baada ya mwezi.

Na mama yake asiondoke na bahasha iliyofungwa. Mpitishe ripoti ukurasa kwa ukurasa, kisha mwombe akueleze atakavyomsimulia baba mtoto jioni. Anapokwama, sentensi hiyo iandike upya kabla hujatia sahihi.