Darubini ya .375 inahama: anza na besi

Salaam mkuu. Umesema bunduki yako ya .375 (kipenyo cha risasi kwa inchi) hapo Pangani inapiga sawa risasi tatu, kisha inahama kulia, na darubini umeshabadilisha. Basi darubini iache. Hakikisha bunduki haina risasi, fungua pete zinazoshika darubini, shika besi (kipande cha chuma kilichofungwa juu ya bunduki kubeba pete) uitikise.

Ikicheza, toa skrubu zote, safisha matundu kwa spiriti mpaka kitambaa kitoke cheupe. Mafuta tunayopaka kukimbia chumvi ya bahari ndiyo huzilegeza. Skrubu ya mbele ichunguze sana: ikiwa ndefu inagota mtutu kabla haijabana besi, mkononi unahisi imekaza kumbe besi inaelea. Ipunguze kwa tupa. Tone moja la Loctite ya bluu (gundi ya kuzuia skrubu isilegee), kaza kama Nm 2.5 (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza).

Kwenye pete usitie gundi. Kaza kwa kupishana, karibu Nm 2, mwanya uwe sawa pande zote; ukizidisha bomba la darubini linabonyea. Karatasi ya mtengenezaji ikitaja kipimo kingine, fuata hiyo. Bomba la milimita 30 halikai kwenye pete za inchi moja, usilazimishe.

Jicho liwe sentimita 9 au zaidi kutoka kwenye kioo cha nyuma cha darubini. Teke la .375 hupasua nyusi.