Vita viliisha saa ngapi? Swali la kuanzia unapofundisha vijana

Nafundisha tuisheni ya historia hapa Mbagala, vijana wa kidato cha tatu na cha nne, jioni wakishatoka shule. Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia wanaipenda inapoanza, maana kuna mauaji ya Sarajevo na mataifa yanayoburutana vitani. Tukifika mwisho, wanasinzia. Kwa miaka mingi nilikuwa nawasinzisha mwenyewe. Niliandika ubaoni "11 Novemba 1918", wakanakili, tukahamia Mkataba wa Versailles. Kwenye mtihani tarehe waliipata. Ukiwauliza vita vilikomaje, kimya.

Kilichonibadilisha ni saa. Vitabu vyao vya Kiingereza vinasema mizinga ilinyamaza saa ya kumi na moja, siku ya kumi na moja, mwezi wa kumi na moja. Kijana mmoja akaandika kwenye daftari lake "saa kumi na moja", vilevile alivyosoma. Nikanyanyua kalamu nyekundu nimsahihishe, kwa kuwa hiyo ya kwao kwetu ni saa tano asubuhi. Halafu nikasita. Makubaliano ya kusitisha mapigano yalitiwa saini alfajiri, ndani ya behewa la treni la Marshal Foch, mkuu wa majeshi yaliyopigana na Ujerumani, kwenye msitu wa Compiègne, Ufaransa, na kwa hesabu yetu ya Kiswahili ilikuwa saa kumi na moja na dakika chache. Saa tano asubuhi ndipo yalipoanza kutekelezwa. Katikati hapo pana muda wa karibu saa sita.

Nikawauliza darasa zima: wewe ni askari uko kwenye handaki, karatasi imeshasainiwa, bado saa sita. Unafanya nini?

Sijawahi kuona darasa langu likibishana vile. Wengi walisema wangejificha. Binti mmoja akasema haitegemei yeye, inategemea mkubwa wake anataka nini, na alikuwa karibu sana na ukweli, kwa sababu wapo makamanda walioendelea kupeleka watu mbele asubuhi ile wakijua kinachokuja. Nikawasimulia habari za Henry Gunther, askari wa Marekani aliyepigwa risasi dakika moja kabla ya saa tano. Nilipomaliza hakuna aliyesinzia.

Kwa hiyo mwalimu mwenzangu, au mzazi unayemsaidia mwanao jioni mezani, anza na hizo saa sita. Orodha ya sababu itakuja, tena wataiomba wenyewe.

Wakishaiomba, warudishe nyuma wiki sita tu. Vijana hukariri kwamba Marekani iliingia vitani mwaka 1917 na Ujerumani ikashindwa. Si uongo, ila ni kipande. Ujerumani ilikuwa imemaliza nguvu zake kwenye mashambulizi makubwa ya masika ya 1918. Mwezi Agosti ikavunjwa pale Amiens, Ufaransa, na nyumbani watu walikuwa na njaa kwa sababu manowari za Uingereza zilifunga bahari. Kisha washirika wake wakaanza kuachia kamba mmoja mmoja: Bulgaria tarehe 29 Septemba, Waturuki 30 Oktoba, Austria-Hungaria 3 Novemba. Mabaharia wa Kijerumani kwenye bandari ya Kiel wakaasi. Tarehe 9 Novemba ikatangazwa kwamba Kaiser Wilhelm ameachia kiti, na kesho yake akakimbilia Uholanzi. Mimi huwapa kila tarehe kwenye kikaratasi, wazipange sakafuni. Dakika kumi zinatosha.

Mahali pa kukaa ni kwa Matthias Erzberger. Jenerali Ludendorff ndiye aliyemwambia Kaiser mwishoni mwa Septemba kwamba mapigano lazima yasitishwe. Lakini aliyetumwa Compiègne kuongoza ujumbe na kutia saini alikuwa Erzberger, mwanasiasa, raia. Baadaye majenerali walewale wakaeneza kwamba jeshi halikushindwa, bali lilisalitiwa na wanasiasa. Erzberger akauawa kwa risasi mwaka 1921. Vijana wanalielewa hili upesi kuliko sisi, kwani kila darasa lina mtu aliyewahi kutumwa ofisini kusema "kioo kimevunjika" akarudi amebeba kesi ya kioo. Wakishamwelewa Erzberger, ukija kuwafundisha Hitler hutahangaika. Watajua uongo aliousimamia ulitoka wapi, na kwa nini mwaka 1940 aliwalazimisha Wafaransa kusaini ndani ya behewa lilelile.

Chunga maneno. Kusitisha mapigano ni jambo moja, mkataba wa amani ni jingine, nao ulikuja tarehe 28 Juni 1919. Kusalimu amri ni la tatu. Niliwahi kuyachanganya mbele ya darasa, na makosa yangu nikayasoma kwenye karatasi zao thelathini.

Neno la tatu ndilo linalowaleta nyumbani. Tarehe 11 Novemba huku kwetu vita vilikuwa vinaendelea. Von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani Afrika Mashariki, alikuwa ameshazunguka Msumbiji, akarudi, akavuka kuingia Zambia ya leo, na tarehe 13 alikuwa Kasama. Habari zikamfikia siku chache baada ya Ulaya kunyamaza. Alisalimu amri Abercorn, ndiyo Mbala ya sasa, tarehe 25 Novemba, akiwa na Wazungu 155, askari Waafrika 1,168, na wapagazi wengi kuliko hao wote. Waulize vijana: kati ya tarehe 11 na 25, nani alimbebea mzigo?

Hapo wapandishe daladala hadi Posta, Jumamosi asubuhi kabla jua halijawa kali, mkasimame kwenye Sanamu ya Askari. Waingereza waliizindua mwaka 1927, pale iliposimama ya Wissmann, gavana wa Kijerumani. Wape muda wasome maandishi ya Kiswahili, yanayowataja wapagazi kuwa ni miguu na mikono ya jeshi. Kisha tembeeni hadi Kariakoo. Wanangu wengi wamenunua viatu vya shule pale bila kujua kwamba jina limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi cha Waingereza kilichokuwa na kambi hapo. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa, wengi kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Wengi wao hatuna hata majina yao. Sioni aibu kusema kwamba sehemu hii huwa naifundisha kwa uchungu.

Kazi ya nyumbani ninayowapa ni moja: muulize mzee wenu yeyote vita vile viliishaje kwao. Wengi hurudi mikono mitupu. Mwaka juzi binti mmoja, ambaye bibi yake ni Mgogo, alirudi na neno Mtunya. Ni njaa iliyoipiga Ugogo, huko Dodoma, kuanzia 1917 hadi 1920, baada ya majeshi kuchukua nafaka, ng'ombe na vijana wa kulima, halafu mvua ikakosekana. Kwenye mstari wake wa tarehe, baada ya Compiègne, Abercorn na Versailles, akachora alama ya nne kwa kalamu ya bluu: "1920, Dodoma." Nilimpa maksi zote.